Shingo na mgongo wa mbwa: dalili za kuangalia nyumbani, na wakati ambao hupaswi kusubiri

Katika nyumba nyingi, anayegundua kwanza kwamba mbwa hayuko sawa ni yule anayemwekea chakula. Ndiye anayeona kwamba leo mbwa ameikaribia sufuria yake, amenusa, kisha amesimama tu bila kuinamisha kichwa. Wengi wetu husema amekinai, au ana minyoo, au anaringa. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine njaa anayo, ila kila akijaribu kuinama shingo inamuuma kiasi cha kumshinda.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitambua dalili za matatizo ya shingo na uti wa mgongo kwa mbwa. Tumeyaandika kwa ajili yako mama, na kwa kila mlezi anayeshinda nyumbani na watoto, kwa sababu mbili. Kwanza, macho yako ndiyo yanayomwona mbwa kila siku, hata kama mbwa mwenyewe ni wa baba au wa mwenye nyumba. Pili, mtoto wako yuko karibu na mbwa huyo. Mbwa mpole akiwa na maumivu ya mgongo anaweza kumng'ata mtoto aliyemkumbatia tu. Na miguu ya nyuma inayolegea huenda isiwe shida ya mgongo kabisa, bali kichaa cha mbwa. Hilo tutalieleza kwa urefu.

Mgongo wa mbwa umeundwaje?

Uti wa mgongo ni mnyororo wa mifupa midogo iitwayo pingili. Mbwa ana pingili 7 za shingo kama binadamu, halafu 13 za kifua, 7 za kiuno na 3 zilizoungana juu ya nyonga, kisha zinafuata za mkia. Katikati ya pingili nyingi kuna diski, kitu kama mto mdogo wenye ganda gumu nje na ute ndani, unaozuia mifupa isisuguane. Ndani ya mnyororo huo hupita ugwe mgongo, yaani kamba ya mishipa ya fahamu inayopeleka habari kutoka ubongoni hadi miguuni na kuzirudisha.

Ugwe huo umekaa katika nafasi finyu. Diski ikipasuka na ute wake ukamwagikia ndani, au pingili ikivunjika, au usaha ukijaa, ugwe hauna pa kukimbilia. Unabanwa. Mahali ulipobanwa ndipo panapoamua dalili utakazoziona. Ukibanwa shingoni, miguu yote minne inaweza kuathirika. Ukibanwa mgongoni nyuma ya mabega, miguu ya mbele hubaki na nguvu zake na ya nyuma ndiyo inayosumbua.

Shingo inapouma

Mbwa mwenye maumivu ya shingo hubeba kichwa chini, usawa wa mgongo au chini yake, pua ikielekea ardhini. Ukimwita kutoka pembeni hageuzi kichwa. Atageuza macho tu, au atazungusha mwili mzima kama mtu aliyelala vibaya akaamka na shingo iliyokaza. Hapendi kuinama kwenye bakuli, lakini ukimwinulia chakula hadi usawa wa kifua anakula vizuri. Hilo ni jaribio rahisi na halina madhara: weka bakuli juu ya ndoo iliyofunikwa au tofali mbili, uone.

Angalia pia misuli ya shingo na mabega. Mara nyingi inakuwa migumu, na wakati mwingine utaiona ikitetemeka chini ya ngozi. Mbwa anaweza kupiga ukelele mkali ghafla bila mtu kumgusa, kwa sababu tu amegeuka vibaya. Wengine huinua mguu mmoja wa mbele na kuuning'iniza kama wamechomwa na mwiba, nawe ukatafuta mwiba huo usiuone. Mwiba haupo. Ni mshipa wa fahamu unaotoka shingoni kwenda mguuni ndio uliobanwa.

Kabla hujafikiria diski, pitisha vidole chini ya mkanda au kamba aliyofungwa shingoni. Watoto wa mbwa hufungwa mkanda wakiwa wadogo, wakakua, na hakuna aliyekumbuka kuulegeza. Mkanda unaingia ndani ya nyama, manyoya yanaficha kidonda, na dalili ya kwanza ni harufu mbaya na mbwa asiyetaka kuguswa shingo. Vidole viwili vipite bila taabu kati ya mkanda na shingo. Kwa mbwa anayekua, angalia kila wiki.

Mgongo unapouma

Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu maumivu ya mgongo hufanana na ya tumbo. Mbwa hujikunja mgongo juu kama paka aliyekasirika, hukaza tumbo likawa gumu kama ubao, na hutembea kwa hatua fupi. Ukimgusa tumbo anaguna. Basi anapewa dawa ya minyoo, siku mbili tatu zinapita, na hali haibadiliki. Tazama anavyokwenda. Je, anasita kwenye ngazi aliyokuwa akiiruka? Je, anakaa chini polepole, au anazunguka mara nyingi kabla ya kulala? Akitaka kujisaidia, anachuchumaa na kuinuka tena bila kumaliza? Zamani alikuwa akikurukia ukirudi sokoni, sasa anatikisa mkia tu akiwa amesimama palepale? Mbwa anayeumwa tumbo mara nyingi hutapika au huharisha. Anayeumwa mgongo anaweza kula vizuri kabisa.

Usimbonyeze mgongo kutafuta palipo na maumivu. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, ambaye anajua wapi pa kubonyeza na kwa nguvu kiasi gani.

Miguu inapolegea

Maumivu ni onyo. Udhaifu wa miguu ni hatua inayofuata, na huja kwa utaratibu. Kwanza mbwa hupoteza kujua mguu wake uko wapi. Anayumba kiunoni kama mlevi, miguu ya nyuma inapishana, anakanyaga kwa mgongo wa unyayo badala ya vitanga. Sikiliza sakafuni: utasikia kucha zikikwaruza. Ziangalie, kucha za katikati za miguu ya nyuma zikiwa zimelika upande wa juu, mbwa amekuwa akiburuza miguu kwa muda kabla hujaona.

Baadaye hawezi kusimama mwenyewe, ingawa ukimshikilia anajaribu kusogeza miguu. Kisha miguu haisogei kabisa. Mwisho wa yote huondoka hisia ya maumivu, na mbwa aliyefika hapo yuko katika hatari kubwa ya kutotembea tena. Kwa mbwa ambaye bado anahisi maumivu vidoleni, matumaini ni mazuri. Kwa aliyepoteza hisia hiyo kwa sababu ya diski, takribani nusu tu ndio hurudi kutembea, tena wakifanyiwa upasuaji mapema.

Mambo mawili huwadanganya watu katika hatua hizi. La kwanza ni mguu unaojivuta. Unaminya kidole, mguu unarudi, unasema "anasikia." Mguu unaweza kujivuta wenyewe hata kama habari haijafika ubongoni, kama vile mkono wako unavyoruka kutoka kwenye sufuria ya moto kabla hujafikiri. Kuhisi ni pale mbwa anapogeuza kichwa, analia, au anataka kung'ata. La pili ni mkojo. Mbwa aliyepooza anaweza kulowesha kitambaa anacholalia, nawe ukafurahi kwamba anakojoa. Huenda kibofu chake kimejaa hadi pomoni na kinachotoka ni kinachofurika tu. Kibofu kilichojaa hivyo kwa siku kadhaa hulegea na kuoza kwa maambukizi. Kama mbwa hawezi kutembea, swali la kwanza kumwuliza daktari liwe hilo la mkojo.

Kama mbwa anatembea lakini una wasiwasi, kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya. Mshikilie chini ya tumbo akiwa amesimama, kisha kwa upole geuza unyayo wa mguu mmoja wa nyuma ili upande wa juu uguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Akiuacha hivyo, hata kwa sekunde mbili tatu, kuna tatizo kwenye mishipa ya fahamu. Usifanye kipimo hiki kwa mbwa aliyegongwa, anayelia, anayetaka kung'ata, au anayetokwa na mate.

Kabla hujasema ni mgongo: fikiria kichaa cha mbwa

Watu wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa kuwa ni yule anayekimbia huku akiuma kila kitu. Yupo huyo. Lakini kuna kichaa cha kimya, na hicho ndicho kinachoingia ndani ya nyumba bila kushukiwa. Mbwa hujificha chini ya gari au uvunguni, anayumba, miguu ya nyuma inalegea kisha inapooza. Taya ya chini inaning'inia, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Sauti ya kubweka inabadilika, inakuwa nzito au ya kukwaruza. Mtu mwema hudhani mfupa umekwama kooni, akatia mkono mdomoni kuutafuta. Kwa kichaa cha mbwa, hakuna kosa baya zaidi ya hilo, kwa maana virusi viko kwenye mate.

Tofauti ziko hivi, ingawa si za kutegemea peke yako. Mbwa mwenye shida ya diski au aliyegongwa kwa kawaida bado ni yule yule: anakujua, anameza, anafunga mdomo, macho yake yanakufuata. Mwenye kichaa hubadilika tabia, na kila siku hali inakuwa mbaya zaidi kuliko jana hadi anakufa, mara nyingi ndani ya siku chache na kwa kawaida kabla ya siku 10 kwisha. Kama mbwa hajachanjwa, au alipigana na mbwa asiyejulikana wiki au miezi iliyopita, na sasa ana udhaifu wa miguu pamoja na mate, taya iliyolegea au tabia mpya, mfungie mahali salama bila kumgusa, waondoe watoto, na piga simu kwa afisa mifugo wa kata au daktari. Usimwue kwa kumpiga kichwani. Kipimo cha kuthibitisha ugonjwa hufanywa kwenye ubongo.

Na kama amemng'ata, amemkwaruza au amemramba mtoto kwenye kidonda, usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri, tazama saa. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, jeraha likioshwa na chanjo ikatolewa kwa wakati na kukamilishwa, kinazuilika. Duniani ugonjwa huu huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, sehemu kubwa Afrika na Asia, na takribani wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Daktari anaweza kuagiza mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Chanjo ya mtoto huanza huku hayo yakiendelea, siyo baada yake.

Ni nini kinachosababisha matatizo haya?

Kwa mbwa wetu wa kienyeji, ajali ndiyo ya kushukiwa kwanza: kugongwa na gari au bodaboda, kuanguka kutoka ukutani, kupigwa rungu au jiwe mgongoni. Wapo pia wanaofungwa mnyororo mchana kutwa. Mbwa anamwona kuku, anakimbia kwa kasi yote, mnyororo unafika mwisho, na shingo ndiyo inayopokea kishindo. Ukilazimika kumfunga, mkanda unaozunguka kifua na mabega ni bora kuliko ule wa shingoni. Mbwa aliyefungwa karibu na ukuta anaoweza kuuruka anaweza pia kujinyonga. Watoto nao wafundishwe kutomkalia mbwa mgongoni kama farasi, na kutomwinua mbwa mdogo kwa shingo au kwa miguu miwili ya mbele. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine chini ya makalio.

Diski zinazopasuka bila ajali ni ugonjwa wa mbwa wenye miguu mifupi na mgongo mrefu, hasa Dachshund, ambaye sasa anaonekana sana katika miji yetu. Kwa jamii hiyo, takribani mmoja kati ya watano hupata tatizo la diski maishani, wengi wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 7. Wanaoathirika zaidi ni sehemu ile ambapo kifua kinakutana na kiuno. Kuruka kutoka kwenye kochi, kitu kidogo tu, kunatosha. Mbwa wakubwa kama Doberman na Great Dane wana tatizo lao la shingo, ambapo pingili hukandamiza ugwe taratibu na mbwa huanza kuyumba nyuma. German Shepherd mzee, wa miaka 8 na zaidi, anaweza kulegea miguu ya nyuma polepole kwa miezi bila maumivu yoyote. Huo ni ugonjwa wa ugwe wenyewe na hauna tiba, ingawa mazoezi ya kutembea kila siku humsaidia abaki na nguvu kwa muda. Usichanganye na nyonga mbovu, ambazo jamii hiyo inazo sana, na ambazo zinauma.

Kuna mdudu mmoja ambaye nadhani angestahili kujulikana zaidi. Ni mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, na Afrika Mashariki yupo kwa wingi. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yanaliwa na mbawakawa wale wanaoviringisha kinyesi, na mbawakawa analiwa na kuku au mjusi. Mbwa anapokula mbawakawa, au utumbo mbichi wa kuku, mnyoo unaingia mwilini, unasafiri ndani ya kuta za mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya pingili za kifua, na kuishia kwenye koo la chakula ambako hujenga uvimbe. Njiani pingili za kifua hupata mchubuko na kuota mifupa ya ziada. Mbwa wa hivi hukonda, hutema chakula muda mfupi baada ya kula, na mgongo wake unakuwa mgumu. Dawa ipo kwa daktari, lakini ya kawaida ya minyoo ya tumbo haimtoshi. Utumbo wa kuku uchemshwe kabla ya kumpa mbwa, na kinyesi kiondolewe uani. Hilo lina faida kwa watoto wanaocheza hapo pia.

Mengine tuyapitie haraka. Pepopunda humkaza mbwa mwili mzima: masikio yanasimama yakikaribiana, uso unavutwa kama anacheka, miguu inakuwa kama ya meza. Mara nyingi kuna kidonda cha siku kadhaa nyuma. Distempa kwa watoto wa mbwa wasiochanjwa huanza na tongo na makamasi, kisha misuli inarukaruka na miguu inalegea. Sumu ya kuogeshea ng'ombe au ya kuua wadudu shambani huleta mate mengi na mitetemeko ndani ya saa chache. Kuumwa na nyoka kama koboko humlegeza mbwa ghafla. Haya yote ni ya daktari, leo.

Ufanye nini akiwa hawezi kusimama

Usimwinue kwa miguu, usimsimamishe kwa nguvu, usimnyooshe. Kama pingili imevunjika, kila mkunjo unaweza kumaliza kilichobaki cha ugwe. Tafuta kitu bapa na kigumu: mlango wa kabati, ubao wa kupigia pasi, kipande cha plywood. Watu wawili wamsogeze kwa pamoja juu ya ubao, mmoja mabegani, mwingine kiunoni, mgongo ukibaki umenyooka. Mfunge juu ya ubao kwa kanga mbili, moja juu ya mabega na moja juu ya nyonga, si tumboni wala shingoni. Kama hakuna ubao, kanga au blanketi iliyovutwa kwa nguvu pembe zote nne itasaidia. Bajaji au gari, si bodaboda.

Hata mbwa uliyemlea kwa mkono wako anaweza kukung'ata wakati huo. Hakuchukii, ni maumivu. Funga mdomo wake kwa kitambaa kirefu: zungusha juu ya pua, fungia chini ya kidevu, kisha peleka nyuma ya masikio na ufunge. Usifanye hivyo kama anatapika au anahema kwa shida. Mtoto asiwe miongoni mwa wabebaji, hata kama mbwa ni rafiki yake mkubwa.

Asiyeweza kutembea, anayeshindwa kukojoa, au anayezidi kulegea saa baada ya saa aende kwa daktari siku hiyo. Mwenye maumivu tu, anayetembea vizuri, anaweza kungoja hadi kesho, mradi amefungiwa mahali padogo asirukeruke.

Dawa za nyumbani ziache kabatini

Brufeni, diklofenaki na Panadol ni dawa za binadamu. Mwili wa mbwa haushughuliki nazo kama wetu. Brufeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake, na Panadol kwa kipimo kisicho sahihi huharibu ini na damu. Ukiona kinyesi cheusi kama lami baada ya mbwa kupewa dawa hizo, ni damu. Mwambie daktari kila kitu ulichompa, hata kama unaona haya. Sababu ni hii: baadhi ya sindano za kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni, zikikutana na dawa hizo tumboni zinaweza kumuua. Ni haki yako kumwuliza anayemchoma mbwa sindano inaitwaje.

Kuna hatari nyingine ya dawa za maumivu ambayo watu hawaitaji sana. Mbwa akiacha kuumwa atakimbia. Diski iliyokuwa imepasuka kidogo inamwagika yote. Kwa hiyo hata dawa nzuri ya daktari haitolewi bila kumfungia mbwa.

Kuchua kwa mafuta na kuvuta shingo ili "irudi mahali pake" tuseme wazi: usifanye.

Kwa daktari, na baadaye nyumbani

Daktari atataka kujua ilianza lini, ghafla au polepole, kama amechanjwa kichaa na lini, alikula nini, na kama anakojoa. Chukua video fupi ya simu mbwa akitembea nyumbani, maana mbele ya daktari wengi hujikaza kwa woga na kuonekana wazima. Picha ya eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, lakini diski na ugwe havionekani vizuri kwayo. Upasuaji wa uti wa mgongo hupatikana sehemu chache katika nchi zetu, na ni ghali. Daktari wa karibu akishindwa, mwulize kuhusu rufaa kwenye hospitali za vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, au Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete.

Mbwa wengi ambao bado wanahisi maumivu hupona bila kisu, kwa kupumzishwa. Kupumzishwa maana yake ni kufungiwa kwenye kizimba au kona iliyozibwa, nafasi ya kugeuka na kulala tu, kwa wiki 4 hadi 6. Hatoki ila kwenda kujisaidia, akiongozwa kwa mkanda wa kifuani, na kitambaa kikipitishwa chini ya tumbo kumshikilia nyuma kama anayumba. Wiki ya pili atajisikia vizuri na atakulilia umfungulie. Watoto nao watakulilia. Hapo ndipo wengi hushindwa, na mbwa anarudi palepale au pabaya zaidi.

Kwa aliyepooza kazi ni kubwa, na ni haki kuijua kabla hujaikubali. Alale juu ya godoro lenye kitambaa kikavu. Ageuzwe ubavu kila baada ya saa 4 hadi 6 ili asipate vidonda vya kulalia. Daktari akufundishe kwa mikono yako namna ya kuminya kibofu, mara 3 au 4 kwa siku. Mkojo na kinyesi vioshwe mara moja, kwa sababu katika joto letu nzi hutaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa na mabuu huanza kula ngozi ndani ya siku moja tu. Funika kwa neti ya mbu. Usimwachie kazi hii mtoto peke yake, wala dada wa kazi ambaye ana mengine kumi ya kufanya. Kama nyumbani hakuna wa kuifanya, mwambie daktari hivyo mapema. Mbwa asiyehisi miguu, asiyekojoa mwenyewe na asiye na mtu wa kumuuguza huteseka, na daktari mzuri atazungumza nawe bila lawama kuhusu kumlaza kwa sindano.

Kwa anayepona, baada ya zile wiki mwanzishie matembezi ya dakika 5 mara mbili kwa siku, ukiongeza kidogo kila wiki. Bakuli libaki juu ya tofali. Watoto wamkaribie kwa mbele, akiwa ameamka, na wamguse kifuani badala ya mgongoni. Kucha zikianza tena kukwaruza sakafu, rudi kwa daktari siku hiyo.